Usipeleke kompyuta kwa fundi pancha, vumbi litoe hivi

Kuna dada ana stesheneri pale Mwanjelwa kaniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Kompyuta yangu ya mezani ya dukani siku hizi inanguruma kama mashine ya kusaga, nikishaiwasha kama nusu saa hivi inajizima yenyewe, hasa mchana wateja wakiwa wengi. Jirani kaniambia ni vumbi, niipeleke kwa vijana wa pancha hapo barabarani waipige upepo wa kompresa, wanachukua hela kidogo tu. Mwingine anasema niifute na kitambaa chenye petroli kidogo. Nifanyeje maana hii mashine ndo inanilisha?"

Marahaba mdogo wangu, na ndaga sana kwa kuuliza kabla hujaibeba, maana wengi wanauliza wakishatoka kwa fundi pancha na mashine haiwaki tena. Kompresa hapana, petroli ndo hapana kabisa. Ila jirani yako kwenye ugonjwa amepatia, hizo dalili ni za joto, na joto kwenye stesheneri ya Mwanjelwa mwezi kama huu wa kiangazi, asilimia kubwa ni vumbi.

Ngoja nikueleze kwanza kinachotokea humo ndani, ukikielewa hutahitaji kukariri chochote. Ndani ya hilo boksi (ambalo wote tunaliita CPU, wakati CPU yenyewe ni kile kidude kidogo kilichojificha chini ya feni) kuna prosesa (ndo hiyo CPU yenyewe, ubongo wa kompyuta), na juu ya prosesa kuna kipande cha aluminiamu chenye mapezi membamba membamba kinaitwa hitisinki, na juu ya hitisinki ndo kuna feni. Joto linatoka kwenye prosesa linapanda kwenye mapezi, feni inapuliza hewa katikati ya mapezi, joto linaondoka. Sasa hewa ya kwetu haiji peke yake, inakuja na vumbi la barabara, nyuzi za masweta na mablanketi, unga wa karatasi, na kwa kuwa una fotokopi hapo, inakuja na tona (wino wa unga) pia. Vyote vinanasa pale feni inapokutana na mapezi. Juzi nilifungua mashine ya mteja mmoja, nikatoa feni ya prosesa, chini yake nikakuta kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Nilikishika kwa ncha ya kidole kikanyanyuka chote kizima, na upande wa chini mapezi yamejichora mistari kama chapa. Feni ilikuwa inazunguka vizuri tu, inapuliza blanketi, hewa haipiti hata kidogo, mwenye mashine anasema feni si inafanya kazi jamani, ndio inafanya kazi ila haina pa kupulizia.

Prosesa ikiona joto linapanda inafanya mambo mawili. Kwanza inapunguza mwendo yenyewe, ndo pale unaona unafungua faili la mteja linachukua muda kama unaprinti daftari zima. Prosesa nyingi za kampuni ya Intel zinaanza kujipunguza zikikaribia digrii 100. Ikishindikana hata hapo inakata umeme yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo kujizima kwake sio kwamba imekufa, inajiokoa, ndo maana nakwambia bado una nafasi nzuri tu ya kuiokoa kama hutaiharibu kwa haraka.

Na usidanganywe na baridi yetu. Watu wengi hapa Mbeya wananiambia fundi, na baridi hii ya Juni na Julai kompyuta ipate moto? Inapata. Ni kweli hewa ya baridi inasaidia, lakini mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15, maana yake feni ileile kwa mzunguko uleule inapitisha hewa kidogo zaidi kwa uzito. Alafu ndo kipindi chetu cha vumbi. Kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua hamna, upepo unaanza, na barabara za mtaani unazijua mwenyewe.

Sasa hiyo kompresa. Mtungi wa fundi pancha unakaa na presha ya psi 100 na kuzidi, wakati tairi la gari dogo linajazwa psi 30 na kitu hivi. Upepo wa namna hiyo unang'oa vitu. Ila mimi presha sio ndo inanitisha zaidi, kinachonitisha ni maji. Hewa ikibanwa, unyevu uliomo unakamuliwa unageuka maji na kutulia chini ya mtungi. Siku moja jioni kaa uangalie kijana akifungua kile kibomba cha chini ya mtungi, maji yanatoka kabisa, tena yana kutu na mafuta ya mashine. Hayo ndo yanakwenda kupigwa kwenye mazabodi yako (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) kama marashi. Vumbi kavu linaweza kukaa kwenye bodi mwaka mzima bila shida kubwa, lakini vumbi lililoloweshwa linageuka tope na tope linapitisha umeme. Nimepokea mashine ya hivyo hapa, ukiitazama kwa nje inang'aa kweli, chini ya soketi ya RAM (kile kibao cha kumbukumbu ya muda) kuna uji wa kahawia.

Kitu cha pili ni feni. Feni ya prosesa imetengenezwa kuzunguka kama mara 2,000 mpaka 3,000 kwa dakika, ukiipiga kompresa inalia ule mluzi ambao watu wanaufurahia, wanaona kazi inafanyika. Ule mluzi ni feni inaumia. Beringi inachakaa, panga linaweza kukatika, na feni ikizungushwa kwa nguvu ya nje inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye bodi kule ambako haukutakiwa kwenda. Hata ukitumia upepo mdogo hii kanuni ipo palepale, feni lazima ishikwe isizunguke. Mimi natumia kijiti cha mshikaki, nakipitisha katikati ya mapanga nakiegemeza, basi.

Petroli inakula plastiki na maganda ya nyaya, na mvuke wake ukibaki ndani ya boksi, cheche moja wakati wa kuwasha inatosha kukuunguzia duka. Sanitaiza pia usiweke, ina maji na glisirini inabaki inanata. Mdomo usipulizie, mate yanaruka hata kama huyaoni. Na vakyumu klina ya nyumbani usiingize ndani ya boksi, ile pua yake ya plastiki inajijaza umeme tuli hewa ikipita kwa kasi.

Hapo kwenye umeme tuli nitakaa kidogo maana ndo unaoua bila mtu kuona. Ule unaosikia ukivua sweta usiku inatoa vicheche, au ukishika kitasa cha chuma unashtuka. Mwili wa binadamu unausikia ukishafika kama volti 3,000, chini ya hapo husikii kitu, lakini vidude vya kwenye mazabodi na RAM vingine vinaharibika hata chini ya volti 100. Maana yake unaweza ukaua RAM kwa kidole na usihisi chochote. Kiangazi chetu kina hewa kavu na sisi wote tumevaa majaketi ya nailoni na mafulana ya manyoya, hapo ndo umeme tuli unapopenda. Kwa hiyo ukitaka kuisafisha vua jaketi, baki na shati la pamba hata kama kuna baridi, usikanyage kapeti, na kabla ya kugusa chochote ndani shika kwanza chuma kitupu cha boksi kisicho na rangi, alafu kila baada ya dakika chache shika tena. Ni zoea dogo tu, na mimi sijaacha hata siku moja.

Vifaa vyako ni hivi na vyote vinapatikana mjini. Bisibisi ya nyota, brashi ya rangi ya inchi moja mpya ya manyoya laini (mpya, sio ile iliyopaka mlango), kijiti cha mshikaki, kitambaa kikavu cha pamba, na kitu cha upepo. Cha upepo ukipata ile pampu ya mpira ya kubonyeza kwa mkono inatosha kwa mashine moja, inachosha vidole lakini haiwezi kuharibu. Blowa ya umeme ya mkononi ni nzuri, ndo tunayotumia mafundi, ila iwe kwenye kasi ndogo na ukae nayo mbali sentimita 15 mpaka 20, na uijaribu kwanza kwenye kiganja isije ikawa inatema uchafu wake wa zamani. Ukipata yale makopo ya upepo, lishike wima muda wote na usilitikise, ukiliinamisha linatema kimiminika cha baridi kali kinaweza kupasua vitu, na usipulizie karibu na moto wala mashine ikiwa inawaka maana gesi ya makopo mengi inashika moto.

Muda, chagua saa nne au saa tano asubuhi, jua limeshatoka na umande umeisha, na upepo wa mchana haujaanza. Fanyia nje kwenye kibaraza, sio ndani ya duka, usije ukalitoa vumbi kwenye kompyuta ukalipeleka kwenye fotokopi. Na kama mashine imelala sehemu ya baridi kali usiiingize kwenye joto ukaiwasha palepale, iache kama saa nzima kwanza, inatoa jasho ndani kama miwani ya mtu akiingia jikoni. Ndugu zetu wa Njombe na Makete hili walishike zaidi.

Haya, zima kwa njia ya kawaida. Chomoa waya wa umeme ukutani, sio kuzima swichi tu, chomoa. Alafu chomoa na vingine vyote, monita, printa, kibodi, piga picha kwa simu kwanza ujue kila waya ulikuwa wapi. Ukishachomoa bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 10 mpaka 15, unamaliza umeme uliobaki kwenye bodi. Fungua kava la pembeni, nyuma pale ni skrubu mbili au kitasa cha kuvuta, mashine nyingi za ofisini hazihitaji hata bisibisi. Piga picha tena ya ndani.

Lilaze boksi kwa ubavu uangalie kabla hujapuliza. Watu hawaangalii. Huku kwetu kwenye baridi kompyuta ni sehemu ya joto, mende wanahamia, mjusi anahamia, nimekuta nyumba ya nyigu ya udongo ndani ya pawa saplai (boksi la umeme). Vitu vya namna hiyo vitoe kwa mkono au kwa kibano kwanza, ukivipuliza vinasagika vinaingia mbali.

Alafu brashi kabla ya upepo. Simamisha boksi, sugua taratibu kuanzia juu kushuka chini ili vumbi lidondoke, brashi isigandamize, iwe kama unapangusa uso wa mtoto aliyelala. Lile blanketi la kwenye hitisinki ukiliona linashikika litoe kwa vidole likiwa zima, ukianza na upepo unalisukuma linazidi kubana katikati ya mapezi. Zile mashine za ofisini zina kava la plastiki juu ya feni kama handaki, mara nyingi linachomoka kwa kubonyeza pembeni, chini yake ndo kuna mzigo wote. Feni yenyewe ya prosesa kama imefungwa kwa skrubu zake peke yake juu ya hitisinki unaweza kuitoa. Lakini hitisinki usiing'oe. Kati yake na prosesa kuna ile dawa ya kijivu tunaita pesti, ukishaing'oa lazima uifute na upake mpya, huwezi kurudishia ileile, na kwa baadhi ya mashine zenye prosesa za kampuni ya AMD pesti ikiwa imekauka hitisinki inang'oka na prosesa yake na miguu inapinda. Kwa kazi ya vumbi huna sababu ya kufika huko.

Ndo sasa upepo. Feni imeshikwa na kijiti, puliza kwa vipande vifupi vifupi, kwenye mapezi puliza kutoka upande wa pili wa pale vumbi lilipoingilia ili litoke lilikotokea. Kisha feni ya nyuma, kisha matundu ya mbele, yale matundu ya mbele yakiziba hata ukisafisha ndani kote ni bure, hewa haiingii.

Pawa saplai, lile boksi la chuma ambalo waya wa ukutani unachomekwa, puliza kwa nje tu kupitia matundu yake. USILIFUNGUE. Umeme wetu ni volti 230, ndani ya lile boksi unageuzwa unahifadhiwa kwenye kapasita kwa volti 300 na zaidi, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa. Hapo sio suala la kuharibu kompyuta tena, ni wewe mwenyewe.

Sasa kuhusu ile tona uliyonayo dukani. Tona ni plastiki iliyosagwa laini sana na nyingine ina unga wa chuma ndani. Ukiona vumbi lako ni jeusi na linapaka vidole kama masizi, hiyo ni tona. Usipulize ndani ya nyumba ukavuta pumzi, funga kitambaa puani, blowa isiwe ya hewa ya moto maana tona inayeyuka na kuganda, na ukishachafuka mikono nawa kwa maji ya baridi. Na naomba sana uhamishe kompyuta isikae ubavuni mwa fotokopi pale hewa ya moto inapotokea, hata nusu mita mbali inasaidia.

Vumbi linatofautiana na sehemu, nasema hili kwa wengine watakaosoma. Mtu wa Mafinga mwenye ofisi karibu na mashine za mbao ana unga wa mbao, mwepesi, unaziba haraka ila unatoka kirahisi. Wa karibu na mashine ya kusaga mahindi ana unga unaovuta unyevu, masika ikifika unakuwa kama ugali mkavu, huyo asisubiri masika, asafishe Oktoba. Wa Chunya karibu na makrasha (mashine za kusaga mawe) ana vumbi la mawe, hilo linakula beringi za feni. Na anayepikia kwenye chumba hichohicho, moshi na mvuke wa mafuta ya kukaangia unafanya vumbi linate, brashi halitoshi, hapo ndo unahitaji alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea kwenye pamba ya kijiti, kwenye mapanga ya feni tu, iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Kabla hujafunga pitisha macho kwenye nyaya, hakuna uliogusa panga la feni, hakuna uliolegea kwenye hadi diski (panapohifadhiwa mafaili). Angalia na vile vipipa vidogo vidogo kwenye mazabodi, vichwa vyao vinatakiwa viwe bapa, ukiona kimevimba kama mkebe wa samaki ulioharibika au kimetoka ute wa kahawia, hilo ni tatizo lingine na vumbi halihusiki.

Ukiwasha ikapiga bip bip na kioo hakionyeshi kitu usilie, karibu kila mara ni RAM imeguswa ikalegea. Zima, chomoa tena waya ukutani, shika chuma, achia vile vibano vya pembeni, toa RAM kwa kushika kingo zake, zile shaba zifute kwa kitambaa kikavu, usiziguse kwa vidole, rudisha ukisukuma mpaka usikie tik pande zote mbili. Nimewahi kupokea mtu katoka Tukuyu na mashine mgongoni kwa kitu hicho hicho, nikamaliza kabla hajakaa.

Baada ya hapo mashine usiiweke tena sakafuni. Vumbi linakaa chini, weka juu ya stuli au hata matofali mawili, nyuma iache nafasi ya kiganja isibanwe na ukuta. Unapofagia duka nyunyizia maji kwanza. Na kile kitambaa cha kufuma tunachopenda kufunikia kompyuta, najua mama kakifuma mwenyewe na kinapendeza, funikia usiku mashine ikiwa imezimwa na imepoa, mchana kitoe, maana kinaziba matundu na wewe unakwenda kumlaumu fundi. Kwa duka kama lako kiangazi safisha kila miezi mitatu, masika mara moja inatosha.

Mwisho kabisa ingia kwenye BIOS (ule ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijafunguka), ukiwasha tu bonyeza F2 au Del au F10 kutegemea na mashine, tafuta sehemu inayoonyesha joto la prosesa, sio zote zinazo ila nyingi zinayo. Iache hapo dakika kumi. Ikitulia kwenye 40 au 50 hivi umemaliza, wahudumie wateja wako. Ikipanda mpaka 80, 90 wakati haifanyi kazi yoyote na vumbi umeshalitoa, basi pesti imekauka au hitisinki imelegea kwenye kona moja, hapo usiendelee kupuliza, zima umletee fundi na mwambie umeshasafisha vumbi, anatakiwa kupaka pesti mpya. Na kama joto ni la kawaida lakini bado inajizima baada ya nusu saa ileile, mwambie aanze na pawa saplai, aazime nyingine nzima aijaribishie kabla hajakuuzia kitu chochote.